Walimsubiri Mzungu, Akashuka Mzaramo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nalipia, kupitia shirika moja, ufadhili wa mtoto mmoja wa wilaya ya Sengerema, mkoani Mwanza, na kwa muda wote huo nilichokuwa nacho mkononi ni picha ndogo ya pasipoti na barua za hapa na pale. Barua zenyewe unazijua kama umesoma shule ya msingi Tanzania. "Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Chini yake nyumba ya bati, jua lenye miale, mtumbwi, na samaki mkubwa kuliko mtumbwi. Nilizipenda. Ila nikiulizwa huyu binti ni nani hasa, sikuwa na la kusema zaidi ya kwamba anapenda Hisabati na rangi ya bluu, na kwamba nyumbani huchota maji na kuosha vyombo. Hayo yanawafaa nusu ya watoto wa Kanda ya Ziwa.

Jina lake sitaliandika, wala la kijiji. Shirika linakataza, na hata lisingekataza nisingeandika. Mtoto hakuomba kujulikana.

Nikiwaambia watu kwamba nafadhili mtoto, wengi hushangaa: hayo si mambo ya Wazungu? Siwalaumu. Utaratibu huu wa mtu mmoja kuunganishwa na mtoto mmoja kwa picha na barua ulitoka huko. Mwaka 1937 mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies, aliuanzisha kwa ajili ya watoto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na shirika lililozaliwa hapo leo linaitwa Plan International. Mwaka 1952 mhubiri Mmarekani, Everett Swanson, alianza vivyo hivyo kwa yatima wa vita vya Korea, ndiyo Compassion International. Tangu mwanzo, basi, mfadhili alikuwa mtu wa mbali, na umbali huo ulikuwa sehemu ya mpango wenyewe. Sisi huku tulikuwa na wetu. Mimi nimelelewa na shangazi Kisarawe, kisha na mjomba Magomeni mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hakuna aliyejaza fomu, na hakuna aliyenitaka nimwandikie barua ya shukrani. Nilichotakiwa ni kuamka mapema na kufagia uwanja.

Nilipoomba kwenda kumwona, shirika lilinitaka kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa, na majina ya watu wawili wanaonifahamu. Nikasaini karatasi: sitakaa na mtoto faraghani, sitampa zawadi wala fedha mkononi, sitapiga picha bila ruhusa ya mlezi, sitaahidi chochote ambacho hakimo kwenye mpango, sitabadilishana naye namba za simu. Mume wangu alicheka sana. "Unakwenda kumwona mtoto au unaingia Ikulu?" Mimi sikucheka. Mtu anayemfadhili mtoto ana nguvu juu ya nyumba ile, apende asipende, na si kila anayelipa ana nia njema. Ukiona shirika linakuruhusu uende tu na mfuko wa pipi, anza kuwa na wasiwasi na shirika hilo.

Kuhusu zawadi, afisa wa shirika alinishauri nipeleke vitu vya kaya nzima: sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia, nivikabidhi kwenye kituo cha mpango viorodheshwe. Kwa ruhusa yake nikaongeza nazi na korosho. Mtu wa Pwani haendi ugenini na sukari peke yake.

Ilikuwa Julai 2025, wiki chache tu baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa, lile linaloitwa Daraja la J.P. Magufuli. Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo mengine. Urefu wake ni kama kilomita tatu, na tulilivuka dereva akiwa katikati ya kisa ambacho hata hakukimaliza, kisa cha namna walivyokuwa wakipoteza nusu siku kwenye foleni ya kivuko, mgonjwa anayepelekwa Bugando amekaa nyuma ya malori. Upande wa pili ni mihogo, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, na yale mawe makubwa yaliyopandiana, ambayo mpaka leo sijui yanashikiliwa na nini.

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Mgeni hupokewa kwanza kituoni, na ilikuwa Jumamosi, siku ambayo watoto wote wa mpango huwa pale. Wakajipanga wakaimba. Katoto kamoja ka kama miaka mitano kakatoka kwenye mstari, kakaja kuchungulia ndani ya gari nyuma yangu, kakarudi kumwambia mwenzake kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mzungu hayumo."

Wakubwa walijifanya hawakusikia. Mimi nilicheka mpaka nikashika boneti.

Kisha akaitwa binti. Picha yangu ya mwisho ilikuwa ya zamani kidogo. Niliyemwona ni msichana wa darasa la sita, mrefu, kichwa kimenyolewa, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Akapiga magoti kama wanavyoamkia mabinti wa Kisukuma. "Shikamoo mfadhili." Akasimama akasoma kwa kichwa shukrani ndefu, zilizopangwa vizuri, na mwishoni akaniombea maisha marefu. Watu wakapiga makofi. Hakuniangalia hata mara moja.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilishaweka leso karibu. Machozi hayakuja. Nilichoona ni mtoto anayefanya mtihani mbele ya msimamizi. Afisa, kijana mwema, akajaribu kusaidia: "Mwambie mfadhili wako unajisikiaje." Akasema anajisikia vizuri. "Unapenda somo gani?" Hisabati. Nikamwuliza mwenyewe kama barua zangu zinamfikia. Zinamfika. Basi, tukaishiwa. Kama uko njiani kwenda kukutana na mtoto wako wa ufadhili na unadhani saa ile ya kwanza itakuwa ya kukumbatiana, punguza matarajio. Mtoto amefundishwa kukushukuru. Kukuzoea hajafundishwa, na wala hakufundishiki.

Kilichosaidia kidogo ni picha. Nilikuwa nimechapisha chache za nyumbani kwangu Mbagala: mume, wanangu, jiko, na uani kwenye mapipa ya maji. Wanangu akawapita. Akasimama kwenye mapipa.

"Haya ya nini?"

"Ya kuwekea akiba. Maji yanakatika."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Dar es Salaam maji yanakatika?"

Nikamwambia yakikatika hata mimi hubeba ndoo. Akamtazama mwenzake aliyekaa jirani, kama wanaopokea habari ambayo itabidi ithibitishwe.

Mchana tukaenda kwao, mimi, afisa na mama mmoja wa kituo, binti akitangulia. Boma lao limezungushiwa minyaa. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, nusu bati nusu nyasi. Lile bati lilitokana na zawadi ya familia ya mwaka mmoja uliopita, nikalitambua kwa risiti niliyowahi kutumiwa. Nyuma ya nyumba kuna jabali pana kama uwanja, na juu ya jabali vimeanikwa viazi vitamu, vipande vyeupe maelfu. Bibi alikuwa amekaa pembeni na kisu.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimia kwao: "Mwadila, mayu." Nikajibu nilivyofundishwa garini, watoto wakacheka. Nikaketi. Akaanza naye: ahsante, Mungu akubariki, Mungu akuzidishie, umetuokoa. Mikono ameikunja mapajani, na sauti ni ileile ya kituoni. Nikasikia uzito unarudi. Huyu ni mama wa rika la shangazi yangu, ananinyenyekea mimi niliyemkuta na kisu chake na kazi yake.

Nadhani ni katika kutafuta la kusema nikamtaja marehemu baba yangu, kwamba sisi ni Wazaramo wa Kisarawe.

Bibi akanyamaza. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Mzaramo?"

"Mzaramo, bibi."

"Mzaramo wewe! Miaka yote hii nasali rozari namwombea mfadhili, kumbe namwombea Mzaramo! Ningejua ningeomba kidogo kidogo."

Kwa msomaji asiyejua: Wasukuma na Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara, wapagazi wa bara waliposhuka Pwani na mizigo yao. Mtani hana heshima kwa mtani wake, na hakasirikiwi. Nikamjibu kwamba na mimi ningejua naombewa na Msukuma ningeongeza fedha ya unga, maana shibe yao haina kikomo. Akapiga kofi pajani. Akaita majirani. Nazi zangu zikatolewa mfukoni, akainua moja juu wote waone. "Tazameni mtani! Ametoka Dar es Salaam mpaka Mwanza amebeba mawe. Mawe hapa yamepungua?" Akanyang'anya mtandio wangu begani akaukalia. Umetaifishwa, akasema, mpaka nilipe faini ya doti ya kanga, tena isiyochuja rangi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Afisa hakujua acheke au aandike. Nami nilipumua. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amenitukana, na mtu asiyetukanwa na mwenyeji hajapokewa bado.

Baada ya hapo nikapewa kisu, tukakata viazi vya michembe. Ni viazi vibichi vinavyomenywa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vikauke kabisa, ndiyo akiba ya miezi ya njaa. Vikichemshwa kwanza kabla ya kuanikwa vinaitwa matobolwa. Binti akakaa karibu yangu akawa ananichungulia mkono. Hatimaye akavumilia akashindwa. "Mama, hivyo vinene. Vitaota ukungu." Akachukua kisu akanionyesha, haraka, bila hata kutazama vidole. Hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa sentensi ya kwanza aliyoniambia. Tulikata, tukaongea. Nikajua anaogopa bata. Nikajua Hisabati haipendi kihivyo, anayempenda ni mwalimu wa Hisabati kwa kuwa hachapi. Nikajua ile "niliumwa tumbo kidogo" ya kwenye barua ilikuwa kichocho.

Hilo la kichocho tulilifuata mpaka ziwani jioni, yeye na ndoo yake. Maji ni masafi ukiyaangalia, yametulia, unatamani uoge. Wanaingia mpaka magotini wapate kuteka pasipo na matope, na humo kwenye majani ya ukingoni ndimo wamo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vinapenya ngozi, hata ukichemsha maji ya kunywa haikusaidii. Shuleni hupewa dawa ya prazikwanteli. Wanapona, kesho wanarudi majini na ndoo. Ada ya shule ya msingi imefutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo kinalipia sare na viatu na daftari, lakini bomba la karibu hakuna anayelifadhili kwa picha ya pasipoti. Nilisimama pale na viatu vyangu vikavu nikaliona hilo vizuri kuliko nilivyowahi kulisoma kwenye ripoti yoyote.

Sasa nifike kwa mvulana mmoja.

Nyumbani kwa bibi wako watoto watano. Mmoja yuko kwenye mpango. Aliyebeba kapu langu kutoka kwenye gari ni binamu yake binti, mdogo wake kidogo, mchangamfu, ana pengo mbele. Alinifuata kila nilipokwenda. Tulipokuwa tunarudi kutoka ziwani akanisogelea akauliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa: "Mama, na mimi namba yangu nitapewa lini?"

Kila mtoto wa mpango ana namba. Ipo kwenye kadi, ipo kwenye bahasha za barua. Alikuwa ameiona tangu anajifunza kusoma tarakimu.

Nilikuwa nimesaini kwamba sitaahidi, na hata bila sahihi sikuwa na uwezo. Nikamwambia, "Sijui, baba." Akasema sawa. Akaendelea kurusha mawe. Wakati ule nilitamani kupiga simu Dar, nikope, nimwandikishe. Bibi, nilipomweleza baadaye, hakushtuka hata kidogo. Godoro la kituo wanalala watatu, akasema. Daftari zikija anazikata katikati kwa kisu. Sabuni haijui nani ana namba. Kwake yeye hakuna mtoto aliyefadhiliwa. Kuna vitu vinavyoingia nyumbani kupitia mtoto mmoja, na vikishavuka mlango vinakuwa vya bibi.

Nimewahi kusoma kwamba kufadhili kunafanya kazi. Wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa watu 10,144 katika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwamo, wakakuta waliofadhiliwa na Compassion utotoni walisoma zaidi kwa mwaka mmoja mpaka karibu mwaka mmoja na nusu kuliko ambavyo wangesoma. Nalikubali hilo, na ndiyo maana naendelea kulipa. Ila safari ile ilinifanya nitake kujua shirika linafanya nini kwa waliobaki ndani ya nyumba ileile. Ukichagua shirika la kufadhili kupitia kwake, uliza hilo kabla ya kuuliza mtoto anapenda rangi gani.

Baba yake binti sikuwa nimeambiwa kama yupo. Mama alifariki, hilo lilikuwa kwenye fomu. Baba aliandikwa "mvuvi", basi, na mimi nikajaza mwenyewe yaliyobaki: mtu wa visiwani, mlevi, ametelekeza. Kumbe ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwaka hawafuati taa, na wavuvi hurudi nyumbani kushona nyavu. Alikuwa amekaa ng'ambo ya minyaa tangu tulipofika, anashona, amegeuza mgongo.

Alipokuja kunisalimia alisema, "Ahsante kwa kunisaidia mtoto," akitazama pembeni. Ni maneno mazito kutoka kwa mwanamume mwenye mikono miwili, tena mbele ya mama yake na majirani. Nikamwuliza habari za kazi. Akajibu kwa mkato. Nikamwuliza taa za siku hizi, karabai au za sola, hapo akakaa. Akaeleza taa, betri, upepo unaowarudisha pwani mikono mitupu, bei ya mafuta ya injini, tajiri mwenye mtumbwi anavyogawa mapato na kinachobaki kwa anayevuta wavu. Alieleza kwa muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Binti alikuja akakaa chini karibu na miguu yake.

Jua likielekea kuzama akatoweka. Tulipokuwa tunaagana akarudi na sato wawili wameunganishwa kwa kamba ya mgomba, bado wabichi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Afisa akafungua faili lake, akapekua. Karatasi ilikataza mimi kumpa mtoto. Kupokea kutoka kwa baba haikusema. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama walivyonifundisha, nikasema "wabeja". Baba akaniangalia machoni. "Ukaange leo leo," akaniamuru, "usiwaweke kwenye friji wakapoteza ladha." Akasimama njiani mpaka gari likaondoka, kama mwenye nyumba anavyomsindikiza mgeni wake.

Mpishi wa nyumba ya wageni pale Kirumba aliwakaanga usiku huohuo.

Barua iliyofuata ilianza kama kawaida, salamu, dhumuni, hofu na mashaka. Halafu mstari wa nne mwandiko ukaongezeka kasi. Bata mmoja amechinjwa, ahsante Mungu. Nazi zilipasuliwa kwa shoka, bibi akasema chakula cha Kizaramo ni cha kubembeleza. Binamu amekuwa wa tatu darasani, ameniambia nikuambie. Na bibi anasema deni la kanga halijafa, mtandio wako anauvaa kanisani.

Nikanunua doti Kariakoo, nikapeleka ofisi ya shirika na fomu ya zawadi. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika: faini ya utani. Fomu ikarudishwa, imezungushiwa kalamu nyekundu, wanataka maelezo. Nimejaza upya, "mavazi ya mlezi", na nimempigia yule afisa kijana wa Sengerema amweleze bibi kwamba imechelewa kwa sababu ya ofisi. Amesema bibi ameshamjibu: riba inaendelea.